Kupima moyo bila kupasuliwa: anzia mkononi

Watu wengi wanaofika kliniki yetu ya presha na kisukari hapa Tanga huja na jina la kipimo mdomoni. "Sista, niandikie eko." "Sista, nataka ECG." Shemeji yangu alikuwa ameshatenga nauli ya Dar es Salaam akapimwe "moyo wote", na kwa miezi kadhaa hakuna mtu aliyemfunga mkanda wa presha. Nikamwambia, shem, hiyo nauli iweke kwanza, kaa kwenye hicho kiti.

Hakuna kipimo cha moyo wote. Kila kimoja kina swali lake. Kimoja kinasoma umeme wa moyo, ndiyo ECG, kingine kinaangalia misuli na milango, ndiyo eko, kingine kinaangalia mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Unaweza kupata jibu zuri kabisa la swali ambalo hukuwa na haja nalo, ukarudi nyumbani umefurahi na ugonjwa uko palepale. Kwa hiyo nitakupitisha kwa mpangilio ninaoutumia mimi kwa watu wangu, kuanzia kile kisicho na gharama.

Lakini kuna jambo moja lisilosubiri mpangilio wowote. Kama sasa hivi kifua kinabana kama kimekaliwa, maumivu yanakwenda mkono wa kushoto, mgongoni au kwenye taya, jasho la baridi linakutoka na hali haijatulia ndani ya robo saa, acha kusoma. Nenda hospitali, tena usiendeshe mwenyewe. Usitafune magnesiamu ukasema ni gesi. Ukifika sema "kifua" kabla hujasema kitu kingine, kwa sababu mgonjwa wa namna hiyo anatakiwa apigwe ECG ndani ya dakika 10 tangu afike. Wenye kisukari, wazee na akina mama wengine hawapati maumivu hayo ya wazi. Wao hupumua kwa shida, hutoka jasho, huchoka ghafla au husikia kichefuchefu. Nao waende.

Presha, na jinsi inavyoharibiwa na kiti

Kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu maishani, ningechukua mkanda wa presha. Presha ya juu huufanya ukuta wa moyo kuwa mnene, huharibu mishipa ya ubongo na figo, na kwa miaka mingi mtu hasikii chochote. Tatizo ni kwamba ni kipimo rahisi kiasi kwamba kila mtu anakifanya ovyo, hata sisi wenye sare tukizidiwa na foleni.

Kifanyike hivi. Dakika 30 kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, usitafune mirungi. Wazee wetu hupitia kijiweni kwa kahawa chungu kisha wanakuja moja kwa moja kwangu, nami huwaweka benchi mpaka muda upite. Kojoa kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika 5, miguu yote miwili sakafuni, usikunje nne. Mkono ulazwe mezani, mkanda uwe usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba inapanda bila sababu. Mkanda ukae kwenye ngozi, siyo juu ya buibui au sweta. Na usikunje mkono wa kanzu ukabana juu, vua mkono mmoja ubaki wazi. Halafu nyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu foleni yetu ina habari za mtaa mzima, lakini kuongea wakati mkanda unajaa hupandisha presha.

Ukubwa wa mkanda watu hawaujali kabisa. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayokuja na mashine za nyumbani ni ya sentimita 22 hadi 32. Mama mwenye mkono wa sentimita 36 akifungwa mkanda huo atasomeka ana presha kubwa kuliko aliyo nayo, ataanzishiwa dawa, na siku ya pili atakuwa anapepesuka jikoni. Kuna mkanda mkubwa, uulize. Kama unanunua mashine ya nyumbani, nunua ya kufunga juu ya kiwiko, achana na ya kifundo cha mkono.

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, na kuanzia hapo tumia ule uliosoma juu zaidi. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Hospitalini, 140/90 au zaidi ikirudia siku nyingine tunaiita presha ya juu. Wamarekani tangu 2017 wameshusha mstari wao hadi 130/80, kwa hiyo usishangae ndugu aliyeko huko akiambiwa mgonjwa kwa namba ambayo hapa angeambiwa ajihadhari tu.

Nyumbani mstari uko chini kidogo, 135/85, kwa sababu nyumbani hakuna koti jeupe la kukutisha. Na nyumbani ndiko ninakokuamini zaidi. Nunua daftari la shule. Pima asubuhi kabla ya chai na dawa, mara mbili, na jioni mara mbili, kwa siku 7. Siku ya kwanza ifute yote, maana ni siku ya kuzoea mashine. Zinabaki namba 24, zijumlishe na utafute wastani. Niletee daftari lenye namba zote, hata zile mbaya, tena zile mbaya hasa. Pembeni andika kama ulimeza diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo, kwa sababu dawa hizo za maumivu hupandisha presha na watu hawazihesabu kama dawa.

Mashine ikiwasha alama ya moyo usio na mpangilio, usiogope, lakini usiipuuze. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mkono mwingine, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Kawaida mtu aliyetulia ni 60 hadi 100. Kinachonihusu zaidi ni mwendo: ukisikia yanakuja ovyo, moja mapema, moja limechelewa, mawili yamefuatana, bila utaratibu wowote, huenda vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kubana. Damu hutuama humo, hufanya bonge, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Hapo ECG ina kazi, na ndiyo sababu nzuri ya kuiomba.

Maswali machache na jedwali la rangi

Baada ya presha nachukua futi ileile na kupima kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi. Fundo la kanga lifunguliwe. Mwanamume akifika sentimita 94 na mwanamke 80, hatari imeanza kupanda. Najua akina mama wengi wa pwani watanicheka hapo, kwa sababu 80 kwetu huonekana ni mtu aliyekonda, lakini namba ndiyo hiyo.

Kisha nauliza. Baba au kaka alipata shambulio la moyo au kufa ghafla kabla ya miaka 55? Mama au dada kabla ya 65? Unavuta, ulivuta? Ulipata presha au kisukari cha mimba? Unaishi na VVU? Utotoni uliugua mafindofindo ya mara kwa mara, kisha magoti na viwiko vikavimba kwa zamu? Ukipanda mlima au ngazi kifua kinabana, ukisimama kinaachia? Swali hili la mwisho lina thamani kuliko mashine nyingi. Maumivu yanayokuja kwa kazi na kuondoka kwa kupumzika ni ya mishipa ya moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Kichomi unachoweza kukionyesha kwa kidole kimoja, kinachouma ukibonyeza, mara nyingi ni misuli au mbavu. Na watu wangapi nimewaona wametibiwa vidonda vya tumbo mwaka mzima, na "kidonda" chenyewe kinauma tu wakipanda mlima!

Majibu hayo tunayaingiza kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani, toleo la 2019. Limetengenezwa kwa kanda 21, na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ziko pamoja kwenye la Afrika Mashariki. Kongo iko kwenye la Afrika ya Kati, na ndugu aliyeko Muscat atumie la Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Jedwali linakadiria uwezekano wa mtu mwenye miaka 40 hadi 74 kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Kuna la maabara, linalotaka umri, jinsia, sigara, namba ya juu ya presha, kisukari na kolesteroli. Na kuna lisilohitaji damu, ambalo uwiano wa uzito na urefu unachukua nafasi ya kolesteroli na kisukari. Hili la pili linaweza kufanywa hata zahanati ya kijijini isiyo na friji.

Kulisoma ni hivi: tafuta upande wa mwanamke au mwanamume, anayevuta au asiyevuta, shuka hadi umri wako, kisha kutana na mstari wa presha yako. Kijani ni chini ya asilimia 5, njano 5 hadi chini ya 10, rangi ya chungwa 10 hadi chini ya 20, nyekundu 20 hadi chini ya 30, na nyekundu iliyoiva ni 30 na kuendelea. Mama wa miaka 45 asiyevuta, namba yake ya juu 150, huangukia kwenye rangi za chini. Mzee wa miaka 67 mwenye 150 ileile, anavuta na ana kisukari, ameruka rangi kadhaa. Kwa huyo hatusubiri, tunazungumza sigara siku hiyohiyo na daktari anafikiria dawa ya kolesteroli.

Yapo ya kuangalia. Aliyekwisha kupata kiharusi au shambulio la moyo haingii kwenye jedwali, yeye tayari yuko kundi la hatari kubwa. Presha iliyothibitika kuwa 140/90 au zaidi hutibiwa bila kungoja rangi. Kwa wenzetu wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, jedwali huelekea kukadiria chini, kwa hiyo ongeza tahadhari. Na usitumie kikokotoo chochote ulichokuta kwenye intaneti. Vingi vina asili yake Framingham, mji wa Massachusetts ambako watu walianza kufuatiliwa mwaka 1948, karibu wote weupe. Uingereza wana chao, Ulaya wana chao, sisi tuna hili.

Damu ya kidoleni au ya mkononi sihesabu kama kupasuliwa: sukari, kolesteroli, kreatinini ya figo. Ongeza mkojo kuangalia protini. Figo zikianza kuvuja protini, moyo nao uko mashakani, na hiki ni kipimo cha bei ndogo kinachosahaulika.

ECG

Haiingizi umeme mwilini. Nalirudia hili kila siku. Inasikiliza umeme ambao moyo wako unautoa wenyewe, kama alivyofanya Willem Einthoven kule Uholanzi mwanzoni mwa karne iliyopita, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Leo vinabandikwa vibandiko 10, vinatoa picha 12, na mchoro wenyewe unachukua sekunde 10 hivi.

Siku hiyo usipake mafuta kifuani, miguuni wala mikononi, vibandiko vitateleza na mchoro utatetemeka. Vaa nguo inayofunguka mbele. Mwanamke ana haki ya kuomba mpimaji mwanamke au khanga ya kujifunika, asione haya kuomba. Lala mikono imelegea, pumua kawaida, usiongee.

ECG ni nzuri kwa mwendo wa moyo, kwa shambulio linaloendelea au lililopita na kuacha alama, na inaweza kudokeza kuwa ukuta wa moyo umekuwa mnene kwa presha. Isichoweza ni kukuhakikishia kuwa mishipa haijaziba. Mtu anaweza kuwa na mshipa uliobanwa vibaya na ECG yake, akiwa amelala ametulia, ikatoka safi. Usimwambie mtu "ECG yangu nzuri" kama jibu la kifua kinachobana ukipanda mlima.

Na ile sentensi ambayo mashine huchapa yenyewe juu ya karatasi, usiisome ukalia. Vijana wa kiume wa Kiafrika wenye afya, hasa wanamichezo, mara nyingi wana mistari iliyonyanyuka kidogo ambayo mashine huidhania shambulio. Nyaya za mkono wa kulia na kushoto zikibadilishana, moyo huonekana umegeuka. Karatasi ikiwa ya ajabu na mgonjwa anacheka, tunarudia kabla ya kumtisha mtu.

Eko

Hii ndiyo inayopendwa, na naielewa sababu: unauona moyo wako ukipiga kwenye kioo. Ni mawimbi ya sauti, kama ultrasaundi ya mimba, haina mionzi. Hellmuth Hertz na Inge Edler waliianza Lund, Sweden, mwaka 1953. Huhitaji kufunga kula kwa eko ya juu ya kifua. Utalala ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, utapakwa jeli ya baridi, na mpimaji atabonyeza kati ya mbavu, wakati mwingine kwa nguvu kiasi. Hesabu nusu saa au zaidi. Anayemaliza kwa dakika tatu simwamini sana.

Eko inafaa kwa mtu anayevimba miguu, anayeshindwa kulala chali mpaka aweke mito mitatu, ambaye daktari amesikia sauti isiyo ya kawaida kwa stetoskopu, au mwenye presha ya miaka mingi. Kwetu Afrika Mashariki ina makundi mawili nisiyoyaacha. La kwanza ni watoto na vijana ambao milango ya moyo imeharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanzia kooni. Binti wengi hujulikana wakiwa wajawazito, pumzi ikiwakata. La pili ni mama aliye mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua, amevimba na anahema. Rafiki zake watamwambia ni uzazi, mama mkwe atamwambia ni baridi imemwingia. Huyo anahitaji eko wiki hii, maana misuli ya moyo inaweza kuwa imelegea, na wengi hupata nafuu kubwa wakiwahi.

Ukipewa majibu, uliza mambo matatu. Nguvu ya kusukuma ni asilimia ngapi? Kuanzia 55 hivi kwenda juu ni kawaida, 40 kushuka ni moyo uliodhoofika. Milango inafunguka na kufunga sawasawa? Ukuta una unene gani? "Moyo umetanuka" peke yake si jibu, uliza umetanuka kwa nini. Na kama ECG, eko ya mtu aliyetulia haionyeshi mishipa ya moyo iliyobanwa, isipokuwa pale msuli umeshaumia.

Mashine za mbali kidogo

Kwa maumivu yanayokuja na kazi, daktari anaweza kukupeleka kwenye kipimo cha kutembea juu ya mkanda unaokwenda huku ECG inachorwa. Utaratibu unaotumika sana ni wa Robert Bruce: kila dakika 3 kasi na mwinuko vinaongezeka, mpaka ufike karibu asilimia 85 ya namba unayopata ukitoa umri wako kwenye 220. Vaa raba, usile mlo mzito ndani ya saa tatu kabla ya kipimo, na uliza mapema kama uache kwa muda dawa ya kupunguza mapigo kama atenolol au bisoprolol. Usiiache kwa kujiamulia. Kwa wanawake kipimo hiki hutoa majibu ya uongo mara nyingi zaidi, kwa hiyo jibu baya si hukumu.

Moyo unaokwenda mbio kwa vipindi, ukifika hospitali umetulia, unahitaji Holta: kikasha unachovaa saa 24 au 48 na kuendelea na shughuli. Andika saa uliyosikia mapigo, la sivyo karatasi itakuwa haina maana.

CT skani ya kupima chokaa kwenye mishipa ya moyo haina sindano, ina mionzi kidogo, na hutoa alama: sifuri ni habari njema, 100 na kuendelea ni onyo, 400 ni onyo zito. Inamfaa mtu wa makamo asiye na dalili ambaye jedwali limemwacha katikati. Kijana wa miaka 30 anapoteza hela, na mwenye maumivu anahitaji CT ya mishipa yenye dawa ya rangi, au zaidi. Hizi utazipata kwenye hospitali kubwa. Hapa Tanzania rufaa ya moyo huelekea Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, palepale Muhimbili, na Uganda wana taasisi yao ya moyo Mulago. Uliza bima yako inalipia nini kabla hujapanda basi.

Kipo kimoja kidogo ninachokipenda na hakiombwi na mtu: kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Mguu ukisoma 110 na mkono 140, gawanya, unapata 0.79. Ikiwa 0.90 au chini, mishipa ya miguu imebanwa, na mwenye mishipa ya miguu iliyobanwa mara nyingi na ya moyo haiko salama. Ikizidi 1.40, kwa wenye kisukari hasa, mishipa imekakamaa na kipimo hakisomeki vizuri.

Kile cha kushika kijiti cha chuma kwenye hema la sokoni, kompyuta ikatoa kurasa za "moyo, ini, figo na nguvu za kiume", kisha ukauziwa virutubisho: hakipimi moyo. Kile kidude cha kubana kidole kinapima oksijeni na mapigo, hakioni mshipa. Saa za mkononi zinaweza kudokeza mapigo yasiyo na mpangilio, na dokezo hilo lithibitishwe kwa ECG.

Karatasi ya ECG ni ya joto, inafifia. Ukiiweka kwenye dashibodi ya gari au ukaibandika gundi, miezi michache haisomeki. Toa kopi siku hiyohiyo, piga na picha kwa simu, andika tarehe na kama ulikuwa na maumivu wakati inachorwa. Ripoti ya eko iweke pamoja nayo na lile daftari la presha, kwenye bahasha moja ambayo mtu mwingine nyumbani anajua ilipo.